Mstari wa Kumi na Moja

Kazini wananiita Sabuni, na kwa miaka mingi nililichukulia jina hilo kuwa sifa. Lilianzishwa na dereva mmoja wa gari la wagonjwa, mtu mwenye mdomo mchafu, aliyesema kwamba hakuna mzaha unaoweza kunigandia, kila kitu kwangu kinateleza tu. Wenzake wakacheka, jina likashika. Mimi sikukasirika. Nilisema moyoni, heri kuitwa sabuni kuliko kuitwa taka.

Kazi yangu ni ya chumba cha mvuke hospitalini. Watu wengi huingia hospitali na kutoka bila kujua kwamba chumba hicho kipo. Mikasi, koleo, visu na mabakuli yote ya chumba cha upasuaji huletwa kwetu yakiwa na damu. Tunayaosha, tunayakausha, tunayapanga, tunayafunga kwa vitambaa vya kijani, tunabandika utepe, kisha tunayaingiza kwenye mtambo yapikwe kwa mvuke dakika thelathini bila kukatizwa. Daktari anaweza kuwa na mkono wa dhahabu, lakini sisi tukizembea anamtia mgonjwa uchafu tumboni kwa mkono huohuo wa dhahabu.

Zamu ya asubuhi tuko wawili, mimi na Mama Pacha. Yeye ni mnene, mcheshi, anaimba akiosha mikasi, na anapocheka hushika meza asianguke. Kwa miaka tisa alikuwa shoga yangu. Tulikula pamoja kwenye benchi la dirishani, mkate wake na mayai yangu, na aliniambia mambo ambayo hata dada yake hakuyajua. Mimi sina watu wengi. Mume wangu alifariki zamani, binti yangu ameolewa mbali na hunipigia simu Jumapili kwa dakika chache, huku wanawe wakimvuta nguo. Kwa hiyo ninaposema shoga, nasema mtu pekee aliyekuwa akijua kama jana usiku nililala au sikulala.

Miaka miwili iliyopita niliacha kula naye.

Sababu ilikuwa ule utepe. Zamani hatukuwa na utepe, tulifuata saa ya ukutani tu. Kisha zikaletwa roli mpya zenye mistari iliyofifia, na mistari hiyo ikipigwa na mvuke inakuwa myeusi. Ikaitishwa semina ya siku moja, mtu mmoja kutoka kila chumba. Zamu ilikuwa ya Mama Pacha, lakini pacha wake wote wawili walikuwa wameshikwa na surua, basi nikaenda mimi. Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alisema, "Utepe huu unakuambia chakula kimeingia jikoni. Haukuambii kimeiva! Kuiva ni dakika thelathini, msidanganyike na weusi." Tukacheka wote. Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu na kuyapigia mstari mara mbili. Nilipewa cheti, nikakitundika nyumbani juu ya kitanda. Daftari nikalitia kwenye droo.

Siku ya tatu baada ya semina, simu ya chumba cha upasuaji ililia. Walitaka vifurushi haraka. Mama Pacha akafunga mvuke, akangoja presha ishuke, akafungua mlango wa mtambo mkubwa. Nikatupa jicho kwenye saa. Dakika kumi na mbili. Akatoa kifurushi, akapitisha kidole gumba juu ya utepe, akanitazama akitabasamu.

"Mweusi tii," akasema. "Wapelekee watu wao wasitupigie kelele."

Nikasema moyoni, kumbe ndivyo alivyo! Anakata muda mchana kweupe, mbele yangu, na bado ananichekea. Kesho yake akafanya tena. Baada ya wiki ikawa mazoea, simu ilie isilie.

Sasa nitasema nilichofanya, na nitakisema kama nilivyokiona wakati ule, bila kukipamba. Kuna mstari mmoja niliufundishwa na mama yangu kabla sijajua kusoma vizuri, wa barua kwa Waefeso, sura ya tano, wa kumi na moja: "Wala msishirikiane na matendo yasiyozaa ya giza." Niliuishi mstari huo maisha yangu yote. Wasichana wenzangu walipokwenda kwenye madansi, sikushirikiana. Majirani walipoiba umeme kwa waya za dirishani, nilikaa na mshumaa. Basi na hapa nilijua la kufanya. Nilikwenda kwa msimamizi wetu nikaomba nihamishiwe mtambo mdogo wa pembeni, kwa kisingizio cha mgongo. Nikahamisha kikombe changu. Nikahamia kula nyuma ya rafu za vitambaa, kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Shoga, leo huli?" Mama Pacha aliniuliza siku ya kwanza, mkate mkononi.

"Nimefunga," nikasema.

Kesho yake nikamwambia hivyohivyo, na keshokutwa. Kwa hesabu yake nilifunga mwezi mzima, na sikupungua hata ratili. Mwishowe akaacha kuuliza. Salamu alinipa, nami niliijibu, maana salamu hainyimwi mtu, lakini niliijibu nikiwa natazama mikasi.

Vifurushi vyangu nilivipika dakika thelathini kamili, nimesimama mbele ya saa, mkono kiunoni. Kwenye pembe ya utepe niliandika alama ndogo, ili siku ya siku ijulikane kipi ni changu. Kila mtambo una daftari lake la kuandikia saa za kuingiza na kutoa. La mtambo mkubwa sikuligusa tena, nikaona hata kulifungua ni kushirikiana.

Mara mojamoja alipita muuguzi wa wodi ya akina mama waliopasuliwa, akilalamika kwamba siku hizi vidonda havikauki, sijui ni joto, sijui ni nini. Nilikunja vitambaa vyangu. Siku moja nilimwona koridoni mama kijana amerudi kwa mara ya tatu, mshono wake umeachia. Alitembea ameshika ukuta, hatua baada ya hatua, na mtoto wake alibebwa na mama mkwe. Nilimwonea huruma sana. Jioni ile nilipiga magoti nikamtaja kwa Mungu, yule mama wa gauni la maua, maana jina lake sikulijua. Kuomba niliomba. Kusema sikusema.

Na nisijifanye kwamba kujitenga huko kulikuwa kutamu. Usiku unaweza kuwa peke yako ukajiambia ndiyo ujane. Lakini kukaa peke yako saa sita mchana, nyuma ya rafu, huku unamsikia mtu uliyemzoea akitafuna upande wa pili, ni jambo jingine. Mara nyingine alikuwa akianza kucheka kwa kitu alichokumbuka, kisha anakatiza kicheko, kwa sababu hakuna wa kumsimulia. Nilikuwa nikisikia hivyo nashika yai langu nasahau kulimenya. Halafu najikaza. Najiambia, lila na fila havitangamani.

Sasa, kila Jumamosi mchana akina mama wa kanisani kwetu hukutana sebuleni kwa mwenyekiti wetu kujifunza Neno. Kila mmoja kwa zamu yake anafafanua mstari. Zamu yangu ilipofika sikuhangaika kutafuta, nilichukua ule wangu. Sebule ilijaa, viti havikutosha, wengine wakakaa mkekani. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume, alikaa karibu na mlango akifuma vitambaa vyake kwa sindano moja. Wifi huyu, Mungu anisamehe, nilikuwa namwona mzito. Ukimpa kichekesho leo, atacheka kesho akiwa sokoni. Mdogo wangu alipomleta nyumbani nilimwambia waziwazi kwamba amejiolea ukuta.

Nilisoma, nikafafanua. Nilisema dhambi haimwingii mtu kwa mlango, inaingia kwa ukaribu. Unakaa na mtenda giza, unakula naye, mara umezoea harufu. Nikatoa mfano. "Kuna mtu kazini kwangu," nikasema, "jina silitaji. Anafanya jambo baya, jambo la kudhuru watu. Alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Lakini nilipoliona lile jambo, nilijitenga naye. Miaka miwili sasa. Sili naye, sikai naye, sichangamani naye kwa lolote."

Akina mama wakaguna kwa kuridhika. Mwenyekiti akatikisa kichwa, akasema wachache wanaweza. Nilihisi joto zuri kifuani, sijaona joto kama lile kwa muda mrefu, la watu kunitazama wote kwa pamoja.

Wifi akanyanyua macho kwenye sindano yake.

"Samahani wifi," akasema. "Huyo mtu alijibu nini?"

"Alijibu nini lini?"

"Ulipomwambia."

"Kumwambia?" nikasema. "Nimwambie nini? Anajua mwenyewe anachofanya. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Amekwambia kwamba anajua?"

"Wifi, mtu mzima yule. Ana miaka ishirini kazini."

"Sawa," akasema polepole. "Nilikuwa nauliza tu, kwa sababu mstari hujaumaliza. Hapa kwangu unaendelea. 'Bali myakemee.' Nikadhani ulimkemea ndipo akakataa, ndipo ukajitenga."

Niliushika mstari unaofuata upesi kama mtu anayeteleza na kushika ukuta. Nikamwambia asome wa kumi na mbili, unaosema wazi kwamba yale yanayotendeka kwa siri ni aibu hata kuyanena. Ni aibu hata kuyanena! Sasa nitayasemaje?

"Ndiyo, huo nao upo," wifi akasema. "Lakini uko baada ya ule wa kukemea. Hauwezi kuufuta. Na wa kumi na tatu unasema yakikemewa ndipo yanawekwa kwenye nuru." Akahesabu matundu ya kitambaa chake. "Na hao wanaodhurika, wifi, bado wanadhurika?"

Mwenyekiti akasema tuimbe.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimefura. Njia nzima nilimtukana wifi kimoyomoyo kwa matusi ya heshima. Yeye anajua nini cha kazi yetu? Amewahi kushika hata koleo? Nilifika, nikavua viatu, nikawasha redio nikaizima. Chumba changu ni kimoja, kitanda upande huu, jiko upande ule, na cheti changu juu ya kitanda ndani ya fremu. Nikakaa kukitazama. Nikavuta droo, nikatoa daftari la semina. Lilikuwa limekaa mle tangu siku niliyolitia. Nilikuta maneno ya mkufunzi yamepigiwa mstari mara mbili, na chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe: kumfundisha Mama P. Jumatatu.

Jumapili sikwenda kanisani, jambo ambalo sijawahi kulifanya nikiwa mzima. Nilipika chakula cha mtu mmoja nikakila nusu. Binti yangu alipiga simu.

"Mama, sauti yako imekuwaje?"

"Mafua."

"Kunywa kitu cha moto," akasema, kisha mtoto akalia, akasema atanipigia baadaye. Hakupiga, na simlaumu.

Siku ile ndefu nilijiuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa. Kwa nini sikumwambia? Kwa kuwa ni aibu kunena? Uongo. Mimi huwaambia watu mambo mabaya kuliko hayo. Nilimwambia mdogo wangu ameoa ukuta. Ukweli ni kwamba niliogopa Mama Pacha asinikasirikie. Nilikuwa na mtu mmoja duniani, na nikaogopa nikimwambia "umekosea" atanichukia, nami sikuweza kuvumilia kuchukiwa naye. Basi nikajitenga kwanza, ili nisije nikaachwa. Na ili nisijione mwoga, nikachukua maneno ya Mungu nikayavaa. Mstari unasema tusishirikiane na matendo. Mimi nilimwacha mtu, matendo nikayaacha yaendelee.

Jumatatu nilifika mapema. Mama Pacha akaja akiimba, akanipa salamu, nikaijibu nikimtazama usoni. Nikaona amekonda. Sijui alikonda lini. Tukaosha, tukafunga, akaingiza mzigo kwenye mtambo mkubwa, mimi wangu kwenye mdogo. Nilitaka kusema pale pale. Nikakunja kitambaa kilekile mara tatu. Kisha nikasikia mvuke unapungua, nikageuka, mkono wake uko kwenye mpini wa mlango. Dakika kumi na mbili.

"Mama Pacha, usifungue."

Akashtuka, akaniangalia kana kwamba ni mtambo uliosema.

"Kuna nini?"

"Havijawa tayari. Ni dakika thelathini."

"Thelathini ni zamani, kabla ya utepe," akasema. "Sasa utepe ukiwa mweusi si tayari? Mtu wa stoo ndivyo alivyonieleza aliponipa roli. Mistari ikiwa myeusi, toa."

"Sivyo. Utepe unaonyesha mvuke umegusa nje. Hauonyeshi kama wadudu wamekufa ndani. Ule unakuambia chakula kimeingia jikoni, haukuambii kimeiva."

Alitoa mkono kwenye mpini. "Nani kasema?"

"Kwenye semina."

"Semina ipi?"

"Ile ya utepe."

"Ile niliyouguliwa na watoto," akasema. "Ile uliyokwenda wewe."

Nikasema ndiyo. Simu ya chumba cha upasuaji ikaanza kulia, na hakuna aliyeigusa. Nilimtazama akifikiri. Mama Pacha hafichi kitu usoni, na niliona yote yakipita pale, moja baada ya jingine. Macho yake yalikwenda kwenye rafu, kwenye vifurushi vya kijani vilivyopangwa vizuri kama vitabu.

"Na vile vya Ijumaa?" akauliza. "Na vya wiki ile waliyopasuliwa wanawake watano?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Mungu wangu," akasema, na akakaa chini sakafuni, kwenye maji. "Wale akina mama. Mungu wangu, wale akina mama."

Nilidhani nitalazimika kumnyanyua. Nilidhani pia, nakiri, kwamba ataniomba tulimalize kati yetu wawili, na sikujua ningemjibu nini. Hakufanya hivyo. Aliinuka mwenyewe, gauni limelowa, akafungulia mvuke upya. Akainua simu, akasema, "Hakuna vifurushi. Ahirisheni. Ndiyo, hata kama daktari amevaa glavu," akaikata. Kisha akaenda kwenye rafu akaanza kushusha vifurushi vyake vyote, kimoja kimoja, akivirudisha kwenye meza ya vichafu. Vyenye alama yangu aliviacha. Alipomaliza akachukua daftari la mtambo mkubwa, akalitia kwapani.

"Twende kwa msimamizi," akasema.

Ofisi ya msimamizi ni ndogo, viti viwili tu, tukasimama. Mama Pacha alieleza mwenyewe, hakumung'unya neno. Msimamizi akalifungua daftari, akapitisha kalamu ukurasa baada ya ukurasa, na mimi nikainama nikasoma kwa mara ya kwanza. Imeingia saa tatu na dakika kumi, imetoka saa tatu na ishirini na mbili. Imeingia saa tano kasoro robo, imetoka saa tano kasoro dakika tatu. Kila mzunguko kwa mwandiko wake wa mviringo, bila kupunguza wala kuongeza, na sahihi yake pembeni. Miaka miwili ya dakika kumi na mbili, kumi na moja, kumi na tatu. Chini ya kila mwezi kulikuwa na sahihi ya msimamizi mwenyewe, na niliona masikio yake yakibadilika rangi.

Mtu anayeficha haandiki. Yale niliyoyaita matendo ya giza yalikuwa yamekaa mezani kweupe, yanamngoja mtu yeyote anayejua kusoma. Aliyekuwa na jambo la siri ndani ya chumba kile alikuwa mimi.

"Nani mwingine alijua?" msimamizi akauliza.

Mama Pacha alitazama chini. Hakunitaja. Angeweza, na hakunitaja.

"Mimi," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya semina."

Msimamizi aliweka kalamu chini. Akanitazama, na niliona hana hata hasira, ameshindwa tu kunielewa. "Kwa hiyo ulikuwa unamwona," akasema, "kila siku." Nikasema kila siku.

Upasuaji ulisimama siku mbili. Tulipika kila kitu upya, mchana kutwa, na mafaili ya wodi yakatolewa. Wakapatikana akina mama kumi na wanne wa kuitwa warudi kuangaliwa, na wawili ambao simu zao hazikupatikana. Mama Pacha aliandikiwa kwenda semina ijayo. Mimi niliandikiwa barua ya onyo, ya kujua na kunyamaza, na sikuona neno hata moja la kubishia. Nilipomweleza wifi, alisema pole, kisha akaniuliza kama nimekula. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza hivyo tangu Mama Pacha alipoacha kuniuliza.

Siku hizo mbili tulifanya kazi bega kwa bega bila maneno, ila ya kazi. Jioni ya pili, rafu zikiwa zimejaa, Mama Pacha alivua aproni akaketi kwenye benchi la dirishani. Sikujua kama nina ruhusa ya kuketi, nikabaki nimesimama na kitambaa mkononi.

"Nilidhani ni kwa sababu ya mume wangu," akasema.

"Mume wako amefanyaje?"

Akanitazama. "Aliondoka. Wiki ileile ya surua. Hujui?"

Sikujua. Ulikuwa umepita mwaka, ukapita wa pili, tumevuta hewa moja na mvuke mmoja, na sikujua.

"Nilisema, Sabuni ni mtu wa kanisa, hataki kuonekana na mwanamke aliyeachwa," akaendelea. "Nikasema nisimlaumu, atarudi. Baadaye nikasema labda kuna neno baya nilimwambia nikasahau. Nilikuwa naomba kila usiku, Mungu nionyeshe nilimkosea nini mwenzangu. Kila usiku. Watoto walikuwa wananisikia."

"Nisamehe," nikasema. "Niliogopa utakasirika."

"Ningekasirika," akasema. "Tena sana. Ungenigombeza mbele ya mtu wa stoo, ningekujibu vibaya, ningenuna siku mbili. Siku ya tatu ningekuja na mkate." Akachukua mkoba wake, akaupitisha mkanda begani. "Siku mbili tu, Sabuni. Basi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja kipimo cha kitambaa. Kisha akaniaga tuonane kesho, akaenda kuwachukua watoto wake shuleni, nami nikamsikiliza hadi nyayo zake zikapotea kwenye ngazi.